Kima gani?

Mdogo wangu ana miaka tisa, na hadi Jumamosi ile alikuwa amemwona kima mara moja tu maishani: kwenye meza ya sokoni, amekaushwa kwa moshi, meno nje, mikono imekunjwa kifuani kama mtu anayesikia baridi. Kwa hiyo miti ya ng'ambo ya kijito ilipotikisika, na mnyama mweusi mwenye manyoya marefu meupe ubavuni akaruka kutoka tawi hadi tawi, mtoto alimshika mama mkono akauliza kwa sauti ndogo: "Mama, makako ya muzima iko vile?"

Mimi, kwa kuwa ndiye msomi wa familia, nikamsahihisha. "Usiseme makako. Kwa Kiswahili ni kima."

Koko wetu alikuwa ameketi juu ya gunia chini ya mti wa avoka, anamenya mandarini. Hakuinua hata kichwa. "Kima gani?" akaniuliza.

Sikuwa na jibu. Naandika haya kwa sababu naamini aibu hiyo si yangu peke yangu. Ni yetu katika kitivo, wanafunzi na walimu wetu, nao wanisamehe nikisema hivyo.

Kwanza niwaeleze tulikuwa wapi. Marabo iko kama kilomita 40 kusini-magharibi mwa Bunia, kwenye barabara ya Komanda, wilayani Irumu. Jirani yake ni Nyakunde, mahali ambapo wengi wa rika letu wanapajua kwa mambo mawili: hospitali yake na mauaji ya Septemba 2002. Koko ana shamba la matunda upande huo, lililopandwa na marehemu mume wake: avoka, mandarini, machungwa, mapera, na mwembe mmoja mkubwa ambao kila mtu katika ukoo anadai alianguka kutoka juu yake. Kwa miaka mitatu hakuwa amelikanyaga. Alitujia mtaa wa Lumumba akiwa na godoro na sufuria mbili, akae "juma moja". Baba mdogo ndiye aliyekuwa akienda na kurudi, kufuatana na habari za barabara. Likizo kubwa ilipoanza, habari zikawa nzuri kwa majuma kadhaa mfululizo, basi familia ikaamua: twende siku moja, tutoke asubuhi na kurudi kabla ya jua kuzama. Tuchume matunda, koko aone miti yake, na, kama mama alivyosema, "batoto baone makako." Wenye kuijua barabara ile wataelewa kwa nini hatukulala vizuri usiku uliotangulia, na kwa nini asubuhi hakuna aliyelitaja jambo hilo.

Safari yenyewe nairuka. Tulikuwa watu saba ndani ya gari la watu watano.

Shambani, aibu yangu ya kwanza haikuhusu kima, ilihusu kitenzi. Baba mdogo alikuwa juu ya mti, mimi chini na kikapu. Akaniita: "Tosha ile ya pembeni!" Masikio yangu, yaliyokwisha kunyooshwa na miaka miwili ya sarufi, yakasikia kosa. Katika Kiswahili sanifu kitu kinatosha, yaani kinakidhi haja, avoka haitoshwi. Hutolewa, au vizuri zaidi huchumwa, huanguliwa, hutunguliwa. Nilipokuwa sekondari niliwahi kuandika katika insha kwamba "tulitosha maembe", nikarudishiwa karatasi yenye mstari mwekundu chini ya neno hilo na alama mbili pungufu. Tangu siku hiyo nimekuwa polisi wa neno "kutosha" nyumbani kwetu, na nakiri nimewachosha watu.

Lakini pale chini ya mti, kikapu kikiwa kizito mkononi, nilianza kufikiri tofauti. Tunafundishwa darasani kwamba shuka huzaa shusha, anguka huzaa angusha, kumbuka huzaa kumbusha, waka huzaa washa. Sasa toka izae nini? Baba mdogo, ambaye aliacha shule darasa la nne, anaifuata kanuni ya unyambulishaji bila kupepesa. Sanifu ndiyo iliyochukua njia nyingine ikatumia "toa", na kuiachia "tosha" maana ya kukidhi. Sisemi sanifu imekosea. Nasema mstari ule mwekundu haukuwa na haki ya kuwa mwekundu kiasi kile. Mwalimu angeweza kuandika pembeni: "Huko kwenu husema hivi, na kanuni yake ni hii, katika mtihani andika hivi." Ingemgharimu wino kidogo zaidi, nami ningemaliza sekondari nikiwaheshimu wazazi wangu kidogo zaidi.

Tena msidhani kwamba sanifu haikunifaa kitu siku ile. Kulikuwa na fimbo ndefu yenye kijiti kilichofungwa kwa pembe kwenye ncha, ya kuvutia matawi. Koko huiita tu "muti ya kukokota". Nikamwambia kwamba watu wa pwani wana jina lake, upembo. Akalirudia mara mbili, akacheka, akasema linafanana na pembe, na kuanzia hapo hakutumia jina lingine. "Leta upembo." Akawatuma wajukuu upembo mchana kutwa kama mtu aliyenunua redio mpya. Vilevile nilimpa neno "kuamia", kulinda mazao yasiliwe na ndege na wanyama, na "dungu", ulingo ule wa kukalia mlinzi shambani. Haya yote nilikuwa nimeyakariri katika kamusi bila kuwahi kuamia chochote. Koko aliamia mahindi utotoni mwake wote na hakuwa na neno moja la Kiswahili la kazi hiyo. Husema "kuchunga shamba". Sote wawili tulifurahi. Nataka mkumbuke furaha hiyo, kwa sababu nitakuja kulalamika.

Turudi kwa kima. Mnyama yule mweusi mwenye manyoya meupe, mkia wake ukiishia kwa shungi jeupe, hakuwa kima hata kidogo. Ni mbega. Nililijua neno, niliwahi kuliandika katika daftari kwenye orodha pamoja na nyani, kima, tumbili na ngedere. Ila orodha ile ilikuwa majina matano yasiyo na nyuso. Fungueni kamusi mtaona taabu yake: mara nyingi mmoja hufafanuliwa kwa mwingine, tumbili ni mnyama wa jamii ya kima, kima ni mnyama wa jamii ya nyani, na msomaji hubaki anazunguka mti. Tumesoma hadithi ya kima na papa, ile ambayo Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Unguja. Kima yuko juu ya mkuyu, anamtupia papa matunda. Tulichambua wahusika, dhamira na ujanja wa kuacha moyo nyumbani. Hakuna aliyeuliza ni kima yupi, na katika hadithi haina shida, kwani hadithi inamtaka mjanja tu.

Shambani ina shida. Koko alitupa darasa fupi akiwa bado anamenya mandarini. Yule mweusi na mweupe, akasema, "haina matata na mutu, inakula tu majani." Na kweli, mbega kwa sehemu kubwa ni mla majani, tumbo lake lina vyumba vya kuchachushia majani, karibu kama la ng'ombe. Hana hata dole gumba, limebaki kinundu tu, na ndiyo maana wataalamu walimpa jina la kisayansi Colobus, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya aliyekatwa kiungo. Yule mdogo mwenye doa jeupe puani, ambaye tulimwona baadaye kidogo, hupenda matunda, lakini huchukua moja moja na kukimbia kama mtoto mwizi. Na yule mkubwa atembeaye chini, mwenye uso mrefu kama wa mbwa, yaani nyani, huja na ukoo mzima, huweka mlinzi, na anaweza kumaliza mahindi ya msimu kwa asubuhi moja. Kila mmoja kati ya hao koko ana jina lake kwa Kibira. Wa doa jeupe ana majina mawili, la kawaida na la kumtania. Kwa mkulima, hayo si mapambo ya lugha. Ukiwaita wote makako, utampiga mawe asiye na kosa, na utamwacha aliyekula chakula chako.

Majina hayo ya Kibira sitayaweka hapa. Nilitoa simu nimrekodi, koko akanikataza. Akasema nitayaandika siku nitakayoweza kuyatamka, maana Kibira ni lugha ya toni, nami nilikuwa nikiyasema yote kwa sauti moja, "kama Muzungu anasoma barua." Nimelikubali sharti hilo.

Sasa neno lenyewe makako. Nililisahihisha kana kwamba ni takataka, kumbe lina historia ndefu kuliko madaftari yangu. Wataalamu wa asili ya maneno husema Wareno walilichukua katika lugha za Kibantu za pwani ya magharibi ya Kongo, likawa macaco kwa Kireno, kisha macaque kwa Kifaransa. Leo katika sayansi ni jina la kima ambao karibu wote wanaishi Asia. Hakuna hata mmoja wa jamii hiyo katika misitu ya Kongo. Nalo likarudi kwetu limevaa koti jingine. Wakati wa ukoloni, macaque lilikuwa tusi la Wabelgiji kwa Mkongo. Babu zetu walitukanwa kwa neno lililoibwa katika mdomo wa babu wengine. Ukilinganisha na okapi unaona tofauti. Mwaka 1901, mnyama huyo alipoingizwa katika vitabu vya sayansi, Harry Johnston alitumia jina walilomwita watu wa msitu wetu wa Ituri, na hadi leo dunia nzima hutamka neno la kwetu bila kujua. Tofauti ni kwamba safari ile mtu aliuliza "mnamwitaje?" na akaandika jibu.

Na hatujamaliza kuteseka na jina. Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilipotangaza dharura ya kimataifa kwa ugonjwa uliokuwa ukienea kwetu, redio nyingi za Kiswahili zilisema "homa ya nyani". Jina la asili, monkeypox, lilitokana na kima wa maabara moja ya Copenhagen ambao virusi viligunduliwa kwao mwaka 1958. Mgonjwa wa kwanza kati ya binadamu aliandikwa Kongo mwaka 1970. Wanyama wanaoshukiwa zaidi kuvibeba porini ni wa jamii ya panya na kindi. Shirika lenyewe lilipendekeza jina mpox tangu Novemba 2022, kwa sababu lile la zamani lilikuwa limeanza kutumiwa kubagua watu. Sisi, watu wa Kiswahili, tuliendelea na nyani. Tena tulimtaja nyani kwa Kiswahili hali neno la Kiingereza ni la kima kwa jumla. Hata katika kumsingizia hatukuwa makini. Nani angesema? Gazeti lingesema? Nafikiri kitivo cha lugha ndicho kilichopaswa kusema, kwa ukurasa mmoja tu uliobandikwa mlangoni na kupelekwa kwenye redio za mjini.

Kuna jambo zito zaidi, nalo nilisite kuliandika. Katika mkoa wetu makumi ya maelfu ya watu wameuawa tangu 1999, wengi kwa sababu ya kabila walilozaliwa. Nimekua nikisikia watu wazima, wenye heshima zao, wakiwataja majirani kwa majina ya wanyama. Walisema kwa utani, wakati wa chakula. Niliwahi kucheka pia. Siku ile Marabo, mdogo wangu alipokuwa akimwangalia mbega mdomo wazi, alitamka jambo ambalo mama alijifanya hakulisikia: "Kumbe ni muzuri. Sasa mbona banatukana nayo batu?" Kila mtu akaanza kushughulika na matunda. Koko peke yake ndiye aliyemjibu, akamwambia anayetukana hajui jina la mnyama wala jina la mtu.

Rafiki mmoja wa darasa alisoma rasimu ya makala haya akaniuliza, kwa haki kabisa: watu wamekimbia makwao, barabara hazipitiki, na wewe unahesabu kima? Nilifikiri juma zima. Jibu langu ni kwamba koko ndiye aliyekimbia, na koko ndiye aliyehesabu. Katika miaka mitatu ya Bunia sijamsikia akizungumza muda mrefu vile. Nyumbani kwetu yeye ni mgeni anayesaidia kuchambua maharage. Pale shambani alikuwa mwalimu na sisi wanafunzi wake. Mtu anapopoteza shamba hupoteza pia mahali pa kusemea maneno yake, na mjukuu asiyeyahitaji mjini hataomba kufundishwa. Wazee wa namna yake wamejaa katika mitaa yote ya Bunia na katika kambi zilizo karibu na mji. Wako umbali wa kutembea kwa miguu kutoka darasa letu.

Mwalimu wetu mmoja angeniambia, najua, kwamba kazi ya kitivo ni kutufundisha Kiswahili kitakachotupatia kazi. Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na Nairobi au Arusha hakuna atakayeelewa "kutosha avoka". Nakubali, na ndiyo maana nimeandika makala haya kwa Kiswahili cha darasani, isipokuwa pale walipozungumza watu wangu. Ninachokipinga ni mpangilio unaotufanya tuingie na maneno ya nyumbani na kutoka bila hayo, kana kwamba kichwa kina nafasi ya seti moja tu. Upembo haukumfukuza koko katika lugha yake. Aliuweka kando ya maneno yake mengine, akaendelea.

Basi naomba jambo moja. Kazi ya mwisho ya masomo iruhusiwe kuwa hiyo: mwanafunzi akae na mzee wake, au mzee wa jirani, achague shamba moja la maneno, samaki, miti, magonjwa ya ng'ombe, sehemu za nyumba, na aandike majina kwa lugha ya mzee, kwa Kiswahili cha Bunia na kwa sanifu, kila jina likiwa na maelezo ya kitu chenyewe na sauti iliyorekodiwa. Wengi wetu tunaandika kurasa sitini kuhusu riwaya ambazo zimekwisha kuandikiwa na wengine mara ishirini. Wakati huohuo sarufi nene ya Kingiti, lugha ya majirani zetu wa Irumu, ilitoka Köln, Ujerumani, mwaka 1994, kwa kazi ya Mholanzi Constance Kutsch Lojenga. Ni kazi nzuri na tunamshukuru. Lakini Kingiti kinasemwa sokoni kwetu kila siku, na nikihesabu wanafunzi wa darasa langu wanaokisema kutoka kwa mama zao, napata wanne.

Najua kikwazo: mwalimu wa kusimamia kazi ya Kibira au Kilendu atatoka wapi? Pengine wazee wenyewe waketi mezani siku ya kutetea kazi. Ningependa kuona nani kati yetu angepata alama za juu mbele ya koko.

Tuliondoka saa tisa, kama tulivyoahidiana, tukiwa na magunia mawili ya avoka na moja la mandarini. Baba mdogo alikuwa ameyaacha matunda ya juu kabisa; nilidhani ameshindwa kuyafikia, akasema hapana, yale yana wenyewe. Kwenye gari koko alimpakata mdogo wangu na kuanza kumfundisha jina la yule wa doa jeupe. Mtoto alisema, koko akakataa kwa kichwa. Akasema tena, akakataa. Wakala mandarini, wakaendelea. Karibu na mabati ya kwanza ya Bunia alilipatia, koko akapiga makofi, dereva naye akapiga honi. Kisha akanigeukia mimi nijaribu. Nilijaribu mara tatu. Bado.